Njia tulivu za kuelekea Kilimambogo kwa baiskeli: Mwongozo kwa wakazi wa Kiuu, Ruiru na Thika

MKAZI wa wadi ya Kiuu anayetaka kuendesha baiskeli kwa burudani hukabiliwa na tatizo moja kabla hajatoka kwenye lango la ploti yake. Upande mmoja ipo barabara kuu ya Thika, yenye magari yaendayo kasi mchana na usiku. Upande wa pili zipo barabara za mtaani zilizojaa matatu, bodaboda, mikokoteni na watembea kwa miguu. Wengi hukata tamaa, wakaiacha baiskeli ichakae ukutani.

Hata hivyo, mtu akisimama juu ya orofa yoyote ndefu pande za Ruiru au Juja asubuhi isiyo na ukungu, huona upande wa mashariki mlima mmoja uliojitenga, uliofunikwa na msitu. Huo ni Ol Donyo Sabuk, ambao wenyeji wengi huuita Kilimambogo. Kati ya mlima huo na vitongoji vyetu bado kuna njia za vumbi na changarawe ambako mwendesha baiskeli anaweza kusafiri kitambo kirefu bila kusikia honi.

Makala haya yanaeleza aina ya baiskeli inayofaa njia hizo, sura ya nchi yenyewe, kanuni za kuingia mbugani, na jambo ambalo wapenzi wa mchezo huu hawana budi kulitafakari mapema: njia hizi tulivu zinapungua.

Baiskeli ya changarawe ni ipi?

Kwa kuitazama tu, baiskeli ya changarawe inafanana na ile ya mashindano ya lami. Usukani wake umepinda kwenda chini, na fremu yake ni nyepesi. Tofauti imo katika mambo manne.

La kwanza ni matairi. Tairi la baiskeli ya mbio za lami aghalabu huwa na upana wa milimita 25 hadi 28. La changarawe huwa kati ya milimita 35 na 50. Tairi pana hutiwa upepo kidogo, hivyo hulala juu ya kokoto badala ya kurukaruka, na mikono ya mwendeshaji haichoki upesi.

La pili ni giya. Njia za vilima huhitaji giya nyepesi sana, ili mtu apande mteremko mkali akiwa ameketi. Akisimama juu ya pedali penye changarawe, uzito huondoka kwenye gurudumu la nyuma nalo huzunguka bure.

La tatu ni breki. Nyingi za baiskeli hizi hutumia breki za diski, ambazo hushika vyema hata matope yakiwa yameganda kwenye rimu. La nne ni umbo la fremu, ambalo ni refu kidogo ili baiskeli isiyumbe inapoteremka.

Hii haina maana kwamba asiye na baiskeli ya aina hiyo abaki nyumbani. Baiskeli ya mlimani iliyotumika, kama zile zinazouzwa pamoja na bidhaa za mitumba, yatosha kabisa iwapo breki zake ni nzima na matairi hayajachakaa. Kwa hakika, zamani kabla ya mchezo huu kupewa jina, wachuuzi wa maziwa, mkaa na mboga nchini Kenya walikuwa wakipita njia hizo hizo kwa baiskeli nzito aina ya Black Mamba, huku wamebeba mzigo mkubwa nyuma.

Mchezo ulikotoka

Jina la mchezo wa changarawe lilienea kutoka maeneo ya mashamba ya Marekani, ambako barabara nyingi za vijijini hazina lami. Mbio zilizoupa umaarufu zilianzishwa mwaka wa 2006 mjini Emporia, jimbo la Kansas, na siku hizi huitwa Unbound Gravel. Mwaka wa 2022, chama cha kimataifa cha uendeshaji baiskeli, UCI, kiliandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya changarawe nchini Italia.

Kenya haikuachwa nyuma. Mnamo Juni 2021 mbio za Migration Gravel Race zilifanyika kwa mara ya kwanza katika eneo la Maasai Mara, takriban kilomita 650 kwa siku nne. Lengo mojawapo lilikuwa kuwapa waendeshaji wa Afrika Mashariki nafasi ya kushindana na wa Ulaya na Marekani bila ya kuhangaikia viza. Mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele ni Mkenya Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani. Kangangi alifariki Agosti 27, 2022, baada ya kuanguka katika mbio za changarawe jimboni Vermont, Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 33. Kifo chake kiliwakumbusha wengi kwamba changarawe haichagui bingwa wala mwanagenzi.

Kaunti ya Kiambu, ambamo Kiuu, Ruiru na Thika zimo, ina historia yake pia. Ni katika kijiji cha Mai-a-Ihii, karibu na mji wa Kikuyu, ambako David Kinjah amewafunza vijana kwa miaka mingi kupitia kundi la Safari Simbaz. Mwanafunzi wake mmoja, Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985, alikuja kushinda Tour de France mara nne: mwaka wa 2013, 2015, 2016 na 2017. Sehemu ya mazoezi yake ya utotoni ilikuwa kwenye njia za vijijini za huku huku kwetu.

Matuta, mito na udongo

Asiyeijua sura ya nchi huenda akachoka kabla ya saa moja kupita. Ardhi ya Kiambu inainama kutoka milima ya Aberdare, kaskazini magharibi, kuelekea nyanda za mto Athi, kusini mashariki. Mito ya Ruiru, Thiririka na Ndarugu inateremka upande huo huo na kumwaga maji yake katika Athi. Kati ya mto na mto pana tuta refu.

Matokeo yake ni kanuni rahisi. Anayefuata mgongo wa tuta hupata njia laini, inayopanda au kushuka polepole. Anayekata matuta, kwa mfano anayetoka Ruiru kwenda Thika kupitia mashambani, hulazimika kuteremka hadi mtoni na kupanda tena, bonde baada ya bonde. Kilomita 20 za namna hiyo zaweza kuchosha kuliko kilomita 40 za uwandani. Tena si kila njia inayoteremka mtoni ina daraja. Ni busara kumuuliza mwenyeji kabla ya kuteremka, maana kurudi ni kupanda.

Udongo nao hubadilika. Sehemu za juu, penye kahawa, una rangi nyekundu. Ukikauka hutoa njia ngumu na nzuri, ukilowa huteleza. Sehemu za chini, kuanzia Juja kuelekea Kilimambogo, una rangi nyeusi. Huu hupasuka wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua hunata vibaya mno. Hukusanyika kati ya tairi na fremu hadi gurudumu likakataa kuzunguka, na hapo baiskeli hubebwa begani. Kwa sababu hiyo miezi ya mvua za masika, Machi hadi Mei, haifai kwa njia za uwanda wa chini, na vilevile siku za mvua za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Januari, Februari, na kipindi cha Juni hadi Septemba ndio wakati mwafaka, ingawa Julai huwa na baridi na ukungu wa asubuhi.

Wapi pa kuanzia

Anayeanza asikimbilie mlimani. Kutoka Kiuu hadi chini ya Ol Donyo Sabuk ni zaidi ya kilomita 50 kwenda tu. Afadhali apite ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni msitu wa Karura, ulio kati ya barabara za Kiambu na Limuru jijini Nairobi. Msitu huo wenye takriban hekta 1,041 uliponea kunyakuliwa baada ya mapambano yaliyoongozwa na Profesa Wangari Maathai mwishoni mwa miaka ya 1990. Leo una njia zilizowekewa alama, na uendeshaji baiskeli unaruhusiwa. Humo mtu hujifunza kupiga kona juu ya udongo, kushika breki kwa upole na kuwapisha watembeao kwa miguu, bila hofu ya magari.

Ngazi ya pili ni nchi ya kahawa inayozunguka Ruiru, Juja na Gatundu. Ruiru ndiko kuliko na taasisi ya utafiti wa kahawa, iliyotoa aina ya Ruiru 11 mwaka wa 1985. Barabara za vumbi kati ya mashamba na vijiji hupita chini ya miti na kandokando ya mabwawa. Hapa mwendeshaji afuate tuta moja kupanda, kisha arudi kwa tuta hilo hilo au la jirani, hadi azoee mwendo wa saa mbili au tatu.

Ngazi ya tatu ni uwanda wa mashariki: Juja Farm, Munyu, Gatuanyaga na hatimaye kituo cha Kilimambogo. Huku nchi ni wazi, upepo ni mwingi na kivuli ni haba. Anayetoka mbali anaweza kuanzia Thika, ambako safari ya kwenda chini ya mlima ni takriban kilomita 25. Barabara ya lami ya Thika kwenda Garissa ndiyo fupi zaidi, lakini ina malori ya masafa marefu. Apitaye humo avae nguo zinazoonekana kwa mbali na aendeshe pembeni. Mashamba makubwa ya mananasi yaliyo kando ya barabara hiyo ni mali ya kibinafsi na yana walinzi. Mtu asikate njia ndani yake kwa kudhani barabara ya vumbi ni ya kila mtu.

Karibu na mwisho wa safari pana maporomoko ya Fourteen Falls katika mto Athi, ambayo wengi huyatumia kama mahali pa kupumzika. Ukivuka daraja la Athi, umetoka Kiambu na kuingia Kaunti ya Machakos.

Ndani ya mbuga

Mbuga ya Kitaifa ya Ol Donyo Sabuk ilitangazwa mwaka wa 1967. Ni ndogo, kilomita mraba 20.7 pekee, na karibu yote ni mlima mmoja. Kilele kina urefu wa mita 2,145 kutoka usawa wa bahari, zaidi ya mita 500 juu ya mji wa Thika. Jina la mbuga ni la Kimaasai, maana yake mlima mkubwa. Wakikuyu huuita Kianjahi, yaani mlima wa njahi.

Kutoka langoni hadi kileleni barabara ya udongo hupanda takriban kilomita 9 ikipinda ndani ya msitu. Njiani yako makaburi ya Sir William Northrup McMillan, tajiri aliyezaliwa Marekani na kufariki mwaka wa 1925, mkewe Lucie, na mhudumu wao Louise Decker. McMillan ndiye aliyemiliki shamba la Juja, ambako Theodore Roosevelt, Rais wa zamani wa Marekani, alikaribishwa mwaka wa 1909. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1931, ilijengwa kwa kumbukumbu yake. Hali ya hewa ikiwa safi, aliye kileleni huona Mlima Kenya, safu ya Aberdare na majengo ya Nairobi.

Yote hayo yanavutia. Lakini jina la Kilimambogo halikutoka hewani. Nyati wapo, na ndio wanyama wakubwa wanaojulikana zaidi katika mbuga hii. Ni hapa ambapo sifa kuu ya baiskeli hugeuka kuwa hatari. Gari husikika kutoka mbali, na mnyama hupata muda wa kujiondoa. Baiskeli haina sauti. Ikiteremka kwa kasi katika kona iliyofunikwa na kichaka, mwendeshaji na nyati hukutana ghafla, na nyati aliyeshtuliwa kwa karibu hushambulia badala ya kukimbia.

Kwa sababu hiyo, mtu asichukulie kwamba baiskeli huruhusiwa kila mahali palipo na barabara. Mbuga inayofahamika zaidi nchini kwa kuruhusu baiskeli ni Hell's Gate, karibu na Naivasha, yenye kilomita mraba 68.25 na iliyotangazwa mwaka wa 1984. Huko nchi ni wazi na mnyama huonekana mapema. Ol Donyo Sabuk ni msitu. Anayetaka kupanda, kwa miguu au kwa baiskeli, awasiliane na maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) langoni kabla ya siku ya safari. Aulize iwapo baiskeli zinaruhusiwa siku hiyo, na aombe askari wa kumsindikiza. Akiambiwa hapana, aheshimu. Ada za kuingia hulipwa kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen, kwa hivyo ni vyema kuhakikisha simu ina chaji na fedha.

Akiruhusiwa, asitangulie kiongozi wake, asiteremke kwa kasi, na apige kengele au kuzungumza kwa sauti ya kawaida kila anapokaribia kona. Aanze mapema, na awe ametoka mbugani muda mrefu kabla ya jua kutua.

Njia hizi ni za nani?

Swali hili ndilo litakaloamua iwapo watoto wa Kiuu watapata mahali pa kuendesha baiskeli miaka 20 ijayo. Barabara kuu ya Thika ilipozinduliwa mwaka wa 2012 baada ya kupanuliwa, ardhi ya pande zote mbili ilipanda thamani. Mashamba ya kahawa yaligawanywa kuwa ploti. Mradi wa Tatu City ulio Ruiru, uliozinduliwa mwaka wa 2010, peke yake unachukua ekari 5,000 za ardhi ambayo awali ilikuwa ya kahawa. Makazi na viwanda vinahitajika, na hakuna anayeweza kumlaumu mtu kwa kutafuta nyumba. Lakini kila shamba linapobadilika, njia zilizopita ndani yake huzibwa kwa ua, huwekewa lango, au hugeuka kuwa barabara za magari.

Mwendesha baiskeli hana budi kutofautisha njia za aina mbili. Ya kwanza ni barabara ya umma. Kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinaziweka barabara zilizotambuliwa na sheria miongoni mwa ardhi ya umma. Barabara kama hizo husimamiwa na serikali ya kaunti au na mamlaka za kitaifa, ikiwemo Mamlaka ya Barabara za Mashambani (KeRRA). Hakuna mwenye ploti aliye na haki ya kuifunga.

Ya pili ni njia ya shamba, iliyokatwa na mwenyewe kwa ajili ya trekta na wachuma kahawa. Hii ni yake. Kwa kawaida watu huipita kwa hisani yake. Siku akiuza, hisani hiyo nayo huenda ikaisha.

Kutokana na tofauti hiyo, mambo mawili yanafuata. Kwenye njia ya shamba, mwendeshaji aombe ruhusa, afunge lango alilolikuta limefungwa, asichume chochote, asiende na kundi kubwa bila taarifa, na asitupe hata karatasi ya biskuti. Kundi moja lenye utovu wa adabu laweza kuwafungia njia wengine wote. Kwenye njia ya umma, akiona imezibwa au imemegwa, atoe taarifa kwa ofisi ya wadi au ya kaunti, na ahudhurie vikao vya umma mipango ya ardhi inapojadiliwa. Njia isiyotumiwa wala kutetewa ni rahisi kunyakuliwa, kwa vile hakuna atakayegundua kwamba imetoweka.

Matayarisho ya safari

Kabla ya kuondoka, mwendeshaji ahakikishe ana vitu hivi: kofia ya kukinga kichwa, tyubu mbili za akiba, vibandiko vya pancha, pampu, vifaa vya kulegezea tairi na ufunguo wa kurekebisha cheni. Miiba ya uwanda wa chini ni mingi, na fundi wa baiskeli hupatikana katika vituo vya biashara tu.

Maji yawe angalau nusu lita kwa kila saa ya safari, na zaidi kwenye jua kali. Chakula cha kawaida chafaa: ndizi, viazi vitamu vilivyochemshwa, njugu. Upepo wa matairi upunguzwe kidogo unapoacha lami, lakini si mpaka rimu iguse mawe.

Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili unusu. Atokaye alfajiri huepuka msongamano na joto, lakini awe na taa ya mbele na ya nyuma. Asisafiri peke yake, na aache nyumbani maelezo ya njia anayopita na saa anayotarajia kurejea. Kwa kuwa mtandao wa simu hukatika mabondeni, ramani ya simu ihifadhiwe mapema.

Mwisho, mwendeshaji akumbuke kwamba njia iliyo tulivu kwake ni uwanja wa kazi kwa wengine. Atakutana na mama aliyebeba kuni, mchungaji na mbuzi wake, watoto wanaotoka shuleni. Apunguze mwendo, asalimu, na apite kwa upande mmoja bila kutimua vumbi. Wakazi wakimzoea kama mgeni mwenye adabu, ndio watakaomwonyesha daraja lililo salama, njia ifaayo wakati wa mvua, na mahali palipo na maji ya kunywa.